Barua ya wazi: Majeruhi mmoja, madaftari mawili yasiyoonana

Kwa: Wenye dhamana ya afya, usalama barabarani na barabara, mikoa ya Arusha na Kilimanjaro

YAH: KUUNGANISHA KUMBUKUMBU ZA HOSPITALI NA ZA POLISI KUHUSU MAJERUHI WA AJALI ZA BARABARANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika hadharani baada ya njia ya ofisini kugota. Barua mbili zilipelekwa kwa utaratibu, na jibu lililorudi ni lile linalofahamika na kila aliyewahi kupeleka barua: suala limepokelewa, linafanyiwa kazi. Hatuna ugomvi na mtu. Tunaoandika ni watunza kumbukumbu za afya, wauguzi wa dharura na watu wa takwimu, na tunachoomba ni kidogo kuliko kinavyodhaniwa.

Chukueni ajali ya kawaida kabisa. Bodaboda inagongwa na lori Usa River, saa mbili usiku, na abiria anaangukia kichwa. Trafiki wanapima, wanaandika majeruhi mmoja. Ndugu wanamkimbiza kituo cha afya, anapewa rufaa ya hospitali ya Mount Meru, kesho yake anapelekwa hospitali ya KCMC Moshi. Siku ya tisa anafariki. Daftari la polisi mkoani Arusha bado lina majeruhi mmoja. Kitabu cha wodi mkoani Kilimanjaro kina kifo kimoja cha jeraha la kichwa. Mwili unakwenda kuzikwa, na hakuna karatasi hata moja iliyosema kwamba mtu huyu ameuawa na barabara ya Arusha–Moshi.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2018, lilionyesha kwamba vifo vya barabarani vilivyoripotiwa rasmi Tanzania kwa mwaka 2016 vilikuwa kama 3,250, ilhali makadirio ya shirika hilo yalizidi 16,000. Makadirio hayo ni zao la kanuni za hesabu, hayakuhesabiwa makaburini, na mtu ana haki ya kuyatilia shaka. Yakateni nusu basi. Bado yanabaki zaidi ya mara mbili ya vilivyoandikwa.

Ajali kubwa hazipotei. Lori la Ngaramtoni Kibaoni, Februari 2024, lilipoua watu 25, nchi nzima ilikuwa ikihesabu. Wanaopotea ni mmoja mmoja: bodaboda aliyeteleza peke yake Kibosho, mama aliyegongwa akivuka Tengeru, mtoto wa Boma Ng'ombe aliyepelekwa hospitali na jirani bila kupita kituoni. Hoja zetu ni hizi.

1. PF3 inabeba mtu, haibebi namba.

Karatasi inayounganisha polisi na hospitali tunayo tayari, nayo ni PF3, fomu ya polisi anayokwenda nayo majeruhi hospitali. Lakini safari yake ni ya kesi, si ya takwimu. Inatoka kituoni mkononi mwa ndugu, daktari anaijaza, inarudi kwa mpelelezi na kuingia kwenye jalada. Namba ya RB iliyo juu yake, yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa kituoni, hainakiliwi kwenye rejista ya dharura, na namba ya faili la mgonjwa haifiki kwenye kitabu cha ajali. Baada ya wiki mbili hakuna anayeweza kusema mstari upi wa kitabu hiki ni mtu yupi wa kitabu kile. Na hiyo ni kwa mwenye PF3. Aliyemalizana na mwenzake pale pale barabarani, na dereva asiye na leseni au bima anayesema mapokezi kwamba ameanguka ngazini, hawana karatasi kabisa.

2. Kila upande unahesabu kitu chake.

Polisi huhesabu ajali, hospitali huhesabu wagonjwa. Daladala ikipinduka, mstari ni mmoja, na mara nyingi majina ni matatu yakifuatiwa na maneno "na wengine 9". Hao tisa hawawezi kuunganishwa na chochote. Hospitali nayo ina dhambi yake: mgonjwa mmoja aliyepita vituo vitatu kwa rufaa ni mistari mitatu, kwa hiyo majeruhi wanaongezeka bila mtu kuumia. Ripoti ya mwezi ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, haitusaidii hapa, kwa sababu inapeleka jumla tu. Jumla haiunganishwi na jumla. Kinachounganishwa ni mtu na mtu.

3. Jina, saa na mahali vinaandikwa kila mtu kwa mazoea yake.

Hapa ndipo kazi nyingi inapofia, kwa hiyo mtuvumilie.

Jina kwanza. Mollel wa polisi ni Molel wa hospitali na Moleli wa mochwari. Laizer anakuwa Laiza, Massawe anapoteza s moja, Urassa anaandikwa Ulasa. Polisi wanaandika majina matatu, mapokezi wanaandika mawili, na ndugu aliyemleta anataja jina la nyumbani ambalo halimo kwenye kitambulisho chochote. Programu za kulinganisha majina zipo, lakini nyingi zinatumia kanuni ya Soundex, inayogeuza sauti za jina kuwa namba, iliyobuniwa Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa majina ya huko. Kanuni hiyo huzipa L na R namba tofauti, kwa hiyo kwake Urassa na Ulasa ni watu wawili. Kwa huku kwetu tengenezeni kanuni fupi ya kwenu: L na R ni moja, herufi mbili zinazofanana zikifuatana ni moja, irabu ya mwisho iliyopachikwa baada ya konsonanti inaondolewa, H ya katikati isiyotamkwa inaondolewa. Tena jina moja halina uzito sawa na jingine. Mafaili mawili ya Moshi yakikutana kwenye "Neema Massawe" hayajathibitisha mengi. Yakikutana kwenye jina adimu, yamethibitisha karibu kila kitu.

Saa ndiyo inayotuchekesha na kututoa machozi. Askari anaandika ajali imetokea 20:00. Mapokezi wanaandika mgonjwa amefika "2:40", yaani saa mbili na dakika arobaini usiku. Anayeingiza kwenye kompyuta anaichukua kama ilivyo, na kompyuta inaielewa kuwa ni saa nane usiku wa tarehe ile ile. Mgonjwa anaonekana amefika hospitali saa 17 na dakika 20 kabla ya kugongwa. Programu inamtupa nje, na inavyotakiwa imtupe. Ongezeni hapo "usiku wa Jumapili", ambao kwa wengine ni usiku wa kuamkia Jumapili na kwa wengine ni Jumapili yenyewe ikishaingia giza, na siku nzima inateleza. Dawa yake ni kuandika tarehe kwa tarakimu na saa kwa mfumo wa saa 24, pande zote mbili, bila neno asubuhi wala usiku.

Mahali: Majengo iko Moshi na iko Arusha. Njoro ni ya Moshi na Njiro ni ya Arusha, na mwandiko wa saa nane za usiku hautofautishi o na i. Andikeni wilaya, kata na alama inayojulikana, na kwenye barabara kuu muongeze namba ya nguzo ya kilomita iliyo karibu.

4. Kifo kinahesabiwa siku ya ajali tu, na sababu yake inapotea kwenye cheti.

Kipimo kinachotumika kimataifa ni siku 30: aliyefariki ndani ya siku 30 kwa majeraha ya ajali ni marehemu wa ajali. Bila hospitali kurudisha taarifa, polisi hawana namna ya kujua. Hospitali nayo ikiandika kwenye cheti cha sababu ya kifo "jeraha kubwa la kichwa" na kuishia hapo, imeandika S06 ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya alama za magonjwa na majeraha: fuvu limeumia ndani, basi. Kilichomuumiza hakijulikani. Mstari wa chini kabisa wa sehemu ya kwanza ya cheti ndio unaobeba chanzo, na hapo panatakiwa maneno kama "abiria wa pikipiki, amegongwa na lori, barabarani", ambayo mwekaji wa alama atayageuza kuwa V24.5. Dereva wa pikipiki hiyo hiyo ni V24.4. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari dogo ni V03.1. Anayeandika "RTA", yaani ajali ya barabarani kwa kifupi cha Kiingereza, peke yake anamlazimisha mwenzake aandike V89.2, yaani chombo cha moto kisichojulikana, na kwa alama hiyo huwezi kujenga hata tuta moja mahali panapostahili.

Vitabu vya mochwari visisahaulike. Aliyefia barabarani hakulazwa, kwa hiyo wodi haimjui.

5. Ukubwa wa jeraha unaamuliwa kwa macho.

Askari aliye barabarani anaona damu. Haoni bandama iliyopasuka. Anayelia sana anaandikwa mahututi, aliyekaa kimya pembeni anaandikwa majeruhi wa kawaida, na mwenyeji yeyote wa chumba cha dharura atawaambia nani wa kuogopewa. Kazi hiyo ni ya hospitali. Ulaya majeraha makubwa huhesabiwa kwa AIS, kipimo cha madaraja ya ukubwa wa jeraha, kuanzia daraja la 3, ambamo kuvunjika katikati ya mfupa wa paja kunaingia. Tukiona hicho ni kizito kwa kuanzia, kipo kipimo cha majeraha kilichoandaliwa Kampala. Kinatumia umri, namba ya juu ya kipimo cha presha, idadi ya pumzi kwa dakika, hali ya fahamu na idadi ya majeraha makubwa, na kinatoa alama kuanzia 5 hadi 16, ndogo ikiwa mbaya zaidi. Muuguzi anakijaza kwa vitu ambavyo tayari amevipima.

Namna ya kuunganisha

Tunaieleza ili isije ikaonekana ni uganga. Safisheni kwanza upande wa hospitali, mtu mmoja mstari mmoja, kwa kufuata barua za rufaa. Fungueni upande wa polisi, kila majeruhi apate mstari wake. Wenye namba ya RB pande zote mbili waunganishwe kwanza; hao hawana mjadala. Waliobaki walinganishwe kwa alama: jinsia iwe ile ile, tarehe ya kufika iwe kati ya siku ya ajali na siku tatu mbele, kisha alama zitolewe kwa jina, umri usiopishana zaidi ya miaka 5 (maana umri wa kukadiria hupenda kuishia na 0 au 5), aina ya mtumiaji wa barabara, kata, na namba ya chombo. Jozi zenye alama za juu zipite, za chini ziachwe, za katikati zitazamwe na watu wawili kila mmoja peke yake. Ambao hawakupata mwenza wasitupwe kamwe. Hao ndio waliokuwa wamefichika.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ikiwepo ichukuliwe, kwani ina tarakimu 20 na 8 za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, hivyo inakagua umri yenyewe. Isifanywe ufunguo pekee. Watoto wengi hawana, na aliyepoteza fahamu hawezi kuitaja.

Kwa nini tunang'ang'ania tahajia za majina? Tuseme, kwa mfano tu, polisi wana majeruhi 120, hospitali wana 200, na waliounganishwa ni 60. Watu wanaojulikana ni 260. Kwa kanuni ya Chapman ya kukadiria jumla ya wote, hata wasioandikwa popote, ile ya wanaohesabu samaki ziwani, unachukua 121 mara 201, ugawe kwa 61, utoe 1: unapata kama 398, yaani kuna watu 138 hivi ambao hawamo kwenye kitabu chochote. Sasa tuseme jozi 12 zilikosekana kwa ajili ya Molel na Moleli, na kwa kweli waliopatana walikuwa 72. Hesabu inashuka hadi 332. Watu 66 walikuwa wa kuzuliwa na mwandiko. Tahadhari ya upande wa pili: kanuni hii inadhani kuonekana hospitali hakuhusiani na kuonekana polisi, na PF3 inafanya vihusiane. Uhusiano huo huvuta makadirio chini. Atakayetangaza namba moja bila kusema haya mawili, msimwamini, hata akiwa mmoja wetu.

Majibu tunayoyatarajia

"Ni siri ya mgonjwa." Kweli, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Sheria hiyo inaweka masharti, haifungi mlango. Anayeunganisha apewe majina, tarehe na namba, asipewe ugonjwa. Anayechambua apewe majeraha na mahali, asipewe jina. Australia Magharibi wanaunganisha kumbukumbu kwa mgawanyo huo tangu miaka ya 1990. Na polisi wasipate kutoka kwenye kazi hii jambo lolote la kumfungulia mtu kesi, hasa kipimo cha pombe. Siku mwendesha bodaboda wa kwanza akikamatiwa wodini kwa sababu ya takwimu, mtakuwa mmewafukuza wengine wote hospitali.

"Tusubiri mfumo wa kitaifa wa kompyuta." Mfumo utakapokuja utahitaji namba ya pamoja, nayo leo haipo. Uswidi ina mfumo wa STRADA unaopokea taarifa za polisi na za hospitali za dharura kwa pamoja. Lakini hata huko mfumo haukuandika jina la mgonjwa. Aliliandika mtu wa mapokezi.

"Hakuna bajeti." Safu chache kwenye rejista huchorwa kwa rula.

Lipo na jibu ambalo halitasemwa kwenye barua: takwimu zikiunganishwa, mkoa utaonekana umeharibika. Tunalielewa, na kwa kusema kweli ndilo lenye uzito kuliko yote. Vifo vitapanda kwenye karatasi mwaka wa kwanza bila barabara kuwa mbaya zaidi. Basi tangazeni safu mbili kwa pamoja, ya polisi peke yake kama zamani na ya zilizounganishwa, kwa angalau miaka miwili, na juu yake iandikwe wazi kwamba kilichobadilika ni kipimo. Kamanda asipimwe kwa safu mpya kabla haijapata mwaka wa kulinganisha.

Tunaomba yafuatayo

a) Namba ya RB inakiliwe kwenye rejista ya dharura na namba ya faili la hospitali iandikwe juu ya PF3 kabla haijarudi kituoni. Asiye na PF3 atibiwe kwanza, na safu ya RB iandikwe "hana", isiachwe wazi.

b) Rejista ya dharura iongezwe safu za aina ya mtumiaji wa barabara, alichogongana nacho, na mahali kwa wilaya na kata. Simu ya ndugu iwe ya lazima. Ndiyo inayodumu.

c) Asiyejulikana apewe namba ya muda yenye tarehe na saa ya kufika, pamoja na namba ya usajili ya chombo kilichomleta. Akitambuliwa, jina jipya liandikwe pembeni ya namba ile ile, lisifunguliwe faili jipya.

d) Kila hospitali ya rufaa imteue mtunza kumbukumbu mmoja na kila kikosi cha trafiki askari mmoja, wakutane kabla ya tarehe 10 ya kila mwezi na orodha ya mwezi uliopita. Kwa kuwa wagonjwa wanavuka mpaka wa mikoa kila siku, kikao kiwe kimoja kwa Arusha na Kilimanjaro.

e) Siku ya 30 baada ya ajali kila aliyelazwa au kupewa rufaa afuatiliwe, kwa faili au kwa simu, na jibu liandikwe: yuko hai, amefariki, hakupatikana.

f) Kila robo mwaka orodha ya maeneo, bila majina ya watu, ipelekwe TANROADS kwa barabara kuu na TARURA kwa za mitaa na vijijini, na ibandikwe mahali wananchi wanapoweza kuisoma.

Tunapendekeza majaribio ya miezi 6 kwa Mount Meru, Mawenzi na KCMC. Mwezi wa kwanza utakuwa mbovu; msiuhukumu. Kanuni ya majina na mfano wa safu za rejista tunavyo tayari kwenye karatasi mbili, na tutavileta bila malipo siku tutakapoitwa.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina la ofisi itakayoshughulikia na tarehe ya kikao cha kwanza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Watunza kumbukumbu za afya, wauguzi wa dharura na wanatakwimu,
Arusha na Moshi

Nakala: Waheshimiwa Madiwani na Wabunge wa majimbo barabara hii inamopita